Kisu Kinachofuata Nyuzi

Katika mkono wa binadamu kuna mfupa mdogo wenye umbo la mwezi mwandamo, uitwao lunati, ambao haushikwi na msuli hata mmoja. Misuli inayotoka kwenye kigasha hutuma kano zake mbali zaidi. Kano hizo hupita juu na chini ya mfupa huo bila kuugusa, zikaenda kushika mifupa ya kiganja na ya vidole. Kano hizo huwapita vivyo hivyo jirani zake wawili: skafoidi upande wa kidole gumba na trikwetramu upande wa kidole cha mwisho. Hata hivyo mtu akipiga nyundo, akikamua nguo au akisukuma mkokoteni, mifupa hiyo mitatu hugeuka pamoja, kila mmoja kwa kiasi chake, kisha hurudi mahali pake. Hufanya hivyo mara maelfu kwa siku na mwenye mkono hana habari.

Mifupa hiyo inashikiliwa na ligamenti, yaani mikanda ya nyuzi za kolajeni inayounganisha mfupa na mfupa. Mafundi wa zamani wa pwani ya Lamu walishona mtepe kwa kamba za usumba bila msumari, na mbao zake zilicheza kidogo kila wimbi lilipopiga. Uchezaji huo ndio uliokiokoa chombo. Kifundo cha mkono kimejengwa kwa akili hiyo: mifupa minane katika safu mbili, iliyoshonwa kiasi kwamba inasogea lakini haiachani.

Ninaowasifu hapa ni watu waliotumia maisha yao kutafuta mahali hasa kila mshono unapoanzia na unapoishia, pamoja na wapasuaji wanaoutumia ujuzi huo kuamua wapi wasikate. Huu wa pili ndio ufundi ninaouona mgumu zaidi. Kukata hujifunzwa mapema, bali kujua kinachostahili kuachwa huja baada ya kutazama sana.

Jambo hili lina uzito kwetu. Anayeanguka na bodaboda akajikinga kwa kiganja mara nyingi huambiwa ameteguka tu. Huchuliwa kwa maji ya moto, hufungwa bendeji, na baada ya wiki chache uvimbe hushuka. Eksirei ikionyesha kwamba hakuna mfupa uliovunjika, watu huona jambo limekwisha. Lakini eksirei haionyeshi ligamenti. Inachoweza kuonyesha, na si kila mara, ni matokeo ya kukatika kwake: mwanya kati ya skafoidi na lunati unaozidi milimita 3, ambao wakati mwingine hauonekani mpaka mgonjwa akunje ngumi kwa nguvu. Madaktari huuita kwa jina la Terry-Thomas, mwigizaji wa Uingereza aliyekuwa na mwanya katika meno ya mbele. Mwanya wa meno ni pambo. Huu wa kifundo ni dalili ya kiungo ambacho gegedu lake huenda likalika mwaka baada ya mwaka, hadi siku mtu atakaposhindwa kuinua sufuria.

Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, aliipa mifupa hii minane namba badala ya majina. Ligamenti zilisubiri zaidi. Mwaka 1742 Josias Weitbrecht, Mjerumani aliyefanya kazi katika Akademia ya Sayansi ya Saint Petersburg, alichapisha Syndesmologia, kitabu kizima kuhusu ligamenti za mwili wa binadamu. Namheshimu sana mtu aliyeona kwamba vitu hivi vyeupe, ambavyo wenzake walivikwangua ili waione mifupa vizuri, vinastahili kitabu chao wenyewe.

Ugumu wa kifundo ni kwamba ligamenti zake nyingi hazionekani kwa nje. Ligamenti ya ubavuni mwa goti unaweza kuipapasa kwa kidole na kuufuata ukingo wake. Za kifundo zimefumwa ndani ya kapsuli, kati ya tabaka la nje la nyuzi na utando mwororo wa ndani unaotoa ute. Anayekuja na kisu kutoka nje hukuta shuka moja nyeupe isiyo na mpaka. Hapo pana hatari ambayo wanaanatomia waangalifu wanaijua: kisu kinaweza kuchonga ligamenti isiyokuwepo. Kata mistari miwili sambamba popote katika shuka ile, inua kilicho katikati, na utakuwa na mkanda mzuri ulio tayari kupewa jina. Nadhani baadhi ya majina yaliyojazana vitabuni kwa muda mrefu yalizaliwa hivyo.

Dawa yake ni kuingia kwa mlango wa nyuma. Mchambuzi hufungua kiungo upande wa mgongo wa mkono, hukikunja kiganja hadi kiungo kiachame, kisha huzitazama ligamenti za upande wa kiganja kutoka ndani. Kutoka huko, chini ya utando mwembamba, mikanda huonekana imetengana kwa mifereji. Wa kwanza hutoka kwenye ncha ya radiasi, ule mfupa mkubwa wa kigasha ulio upande wa gumba, hukatiza mbele ya kiuno cha skafoidi na kuelekea mfupa wa kapitati katikati ya kifundo. Unaofuata hutoka radiasi hiyohiyo na kwenda lunati kwa mlalo mrefu. Kando yake kuna mwingine mfupi, mnene, unaoshuka karibu wima hadi kwenye lunati. Kati ya ule wa kwanza na wa pili pana mfereji unaoishia mahali palipo wazi, mbele ya kiungo cha lunati na kapitati. Mahali hapo pana jina la Paul Poirier wa Ufaransa. Ni uwazi kwenye ushonaji, na mkono ukilemewa kupita kiasi hupasukia hapo.

Katikati ya mikanda hiyo kuna kishungi laini kinachoinuka kutoka radiasi kuelekea kwenye maungio ya skafoidi na lunati. Léo Testut, mwanaanatomia wa Lyon, jina lake limefungamana nacho, na kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa ligamenti ya maana inayoishikilia mifupa hiyo miwili. Mwaka 1991 Richard Berger, Mmarekani, pamoja na Waholanzi Kauer na Landsmeer, walichapisha walichokiona baada ya kukikata vipande vyembamba na kukitazama kwa hadubini. Ndani yake mlikuwa na mishipa midogo ya damu na matawi ya neva, vimezungushiwa utando wa kiungo, na kolajeni kidogo isiyo na mpangilio wa kubeba mzigo. Ilikuwa njia ya kupitishia damu na hisia iliyovaa sura ya ligamenti. Mwaka mmoja kabla ya hapo Berger na Landsmeer walikuwa wamechapisha uchunguzi wao wa ligamenti za upande wa kiganja, walioufanya kwenye vifundo vya watu wazima na vya vijusi. Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato. Kipande hufuata kipande, na macho lazima yakumbuke kilichokuwa kwenye cha nyuma.

Kwa macho yangu, uzuri mkubwa uko pale ligamenti inapoingia mfupani. Ligamenti ni laini na huvutika kidogo, ilhali mfupa ni mgumu na hauvutiki. Vitu viwili vya tabia hizo vikikutana ghafla, nguvu yote hujikusanya mpakani na hapo ndipo vitakapoachana. Mwili hauvikutanishi ghafla. Chukua kipande cha mfupa pamoja na ligamenti yake, kiweke kwenye asidi hafifu kwa siku kadhaa hadi madini yatoke na kikatike kwa wembe, kipake rangi, kitazame kwa hadubini. Utaona kanda nne zikifuatana. Kwanza ni nyuzi zenyewe za ligamenti, zimelala sambamba. Kisha ni gegedu lenye nyuzi, ambalo seli zake zimekuwa za mviringo na zimejipanga mistari. Kisha gegedu hilohilo likiwa limeingiwa na madini. Mwisho ni mfupa. Ulaini hugeuka ugumu hatua kwa hatua, katika nafasi ndogo mno ambayo jicho tupu huiona kuwa mstari mmoja.

Kati ya kanda ya pili na ya tatu mpaka ni laini, karibu umenyooka. Kati ya kanda ya tatu na mfupa mpaka umepindapinda, vilima vya upande mmoja vimeingia kwenye mabonde ya upande wa pili, na ndiyo sababu gegedu halibanduki kwa urahisi. Michael Benjamin na wenzake wa Cardiff walionyesha mwaka 1986 jambo linalotokana na umbile hilo, na tangu nilipolisoma siwezi kushika mfupa mkavu bila kulitafuta. Tumezoea kudhani kwamba mahali pa kushikizia patakuwa na makwaruzo. Mara nyingine ni kweli, hasa pale nyuzi zinapozama mfupani moja kwa moja bila gegedu. Nyuzi hizo zina jina la William Sharpey, Mskoti wa karne ya 19. Lakini penye kanda nne, mfupa ukichemshwa na kusafishwa, nyama huachia kwenye ule mpaka ulionyooka, na doa linalobaki huwa laini, lenye ukingo wake, lisilo na vitundu vya mishipa ya damu. Anayejua hili hupitisha ukucha juu ya mfupa na kusoma ligamenti ambazo hazipo tena.

Skafoidi inafaa sana kwa somo hilo. Sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa na gegedu la kuteleza, maana hugusana na mifupa mingine mitano. Kinachobakia kwa ajili ya ligamenti na damu ni vipande vyembamba tu. Kimojawapo ni tuta la upande wa mgongo, lenye vitundu vingi. Watafiti Gelberman na Menon, mwaka 1980, walionyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya damu ya ndani ya mfupa huu huingilia hapo, na kwamba ncha iliyo karibu na radiasi hupata damu yake kwa njia hiyo, ikirudi kinyumenyume. Mpasuaji akiling'oa tuta hilo ili aone vizuri, huenda akaua nusu ya mfupa aliokuja kuuokoa.

Upande wa pili, kwenye ulna, ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho, kuna kishimo kidogo penye shina la ncha yake. Ukiuona mfupa mkavu unaweza kukidhania kuwa hitilafu. Ndani yake hushikiza nyuzi za ndani za bamba la pembetatu linaloiunganisha ulna na radiasi, huku nyuzi za juu zikienda kwenye ncha yenyewe. Ncha inaweza kuvunjika na kiungo kikabaki imara, lakini za kishimo zikichomoka, kuzungusha mkono kufungua kitasa huwa mateso.

Nirudi kwa lunati na skafoidi, maana hapa ndipo majeruhi wengi huumia. Ligamenti inayoziunganisha ina umbo la herufi C, imezunguka ukingo wa pande tatu na kuacha wazi upande wa vidole. Vitabu vya zamani viliichora kama kitu kimoja. Berger aliigawa sehemu tatu. Ya mgongo ni nene, nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka mfupa hadi mfupa. Ya upande wa kiganja ni nyembamba na imelala mshazari. Ya katikati, inayotazamana na radiasi, ni gegedu lenye nyuzi, haina mishipa ya damu wala neva ya kusema. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1999 kila sehemu ilivutwa peke yake hadi ikakatika. Ya mgongo ilistahimili kama nyutoni 260, sawa na uzito wa kilo 26 hivi. Ya kiganja ilifika 118, ya katikati 63.

Ukigeukia ligamenti iliyo kati ya lunati na trikwetramu, mambo yamepinduka: sehemu ya kiganja ndiyo yenye nguvu, kama nyutoni 300, na ya mgongo haifiki nusu yake. Skafoidi kwa asili hutaka kuinamia kiganjani, na trikwetramu hutaka kuinuka upande wa mgongo. Lunati iko kati yao, imeshikwa kwa mgongo na mmoja, kwa tumbo na mwingine, na kutulia kwake ni matokeo ya mivutano miwili inayosawazishana. Ikikatika ya skafoidi, skafoidi huinama peke yake, na lunati humfuata trikwetramu. Linscheid na Dobyns, pamoja na wenzao wa Mayo Clinic, walieleza mpangilio huo wa kuharibika mwaka 1972. Miaka minane baadaye Mayfield na wenzake waliandika jinsi walivyolemea vifundo vya maiti na kukuta uharibifu ukifuata mfuatano: huanzia kati ya skafoidi na lunati, hupita kwenye uwazi wa Poirier, hufika trikwetramu, na mwisho lunati hutoka mahali pake. Inapotoka, mara nyingi hubaki imening'inia kwenye ule mkanda mfupi mnene wa radiasi, ambao damu huendelea kuupitia.

Basi mpasuaji anataka kuifikia ligamenti hii, na sehemu yake yenye nguvu iko mgongoni. Anakata ngozi, anafungua ukanda mpana unaozibana kano za kunyoosha vidole, anaisogeza kano ya gumba inayojipinda kwenye kinundu cha Lister, mgongoni mwa radiasi. Sasa kapsuli iko mbele yake, nyeupe na tambarare. Njia iliyozoeleka ilikuwa kupiga mstari ulionyooka kutoka radiasi kuelekea vidoleni. Ni rahisi, na hufungua vizuri. Lakini ndani ya kapsuli hiyo kuna ligamenti mbili zilizolala mshazari. Moja hutoka radiasi hadi trikwetramu. Ya pili hutoka trikwetramu na kurudi kuelekea skafoidi. Pamoja huchora V iliyolazwa, kona yake juu ya trikwetramu, nao mstari ulionyooka huzikata zote mbili kwa kukingama.

Mwaka 1995 Berger na wenzake walipendekeza kuchana badala ya kukata. Kisu huingia katikati ya ligamenti ya kwanza na kuifuata kwa urefu wake hadi trikwetramu, kisha hugeuka na kuifuata ya pili kuelekea skafoidi. Kila ligamenti imegawanyika nusu mbili, na kila nusu bado imeshikizwa mfupani kwenye ncha zake. Pembetatu iliyo kati ya mistari huinuliwa kuelekea upande wa gumba, na kifundo chote kiko wazi. Njia hii haikuhitaji chombo kipya wala dawa mpya. Ilihitaji mtu anayejua nyuzi zinaelekea wapi chini ya shuka isiyoonyesha kitu, na anayejali vya kutosha kuzifuata. Naiona kuwa mojawapo ya hatua za busara zaidi katika upasuaji wa mkono.

Na bado kulikuwa na la kujifunza. Chini ya kano za vidole hupita tawi la neva linaloishia kwenye kapsuli ya mgongo. Wapasuaji wengi walizoea kulikata wakiwa humo, ili kupunguza maumivu ya baadaye. Elisabet Hagert wa Uswidi, katika kazi alizochapisha kuanzia katikati ya miaka ya 2000, alizipaka ligamenti rangi za kutambulisha neva na kukuta kwamba zile za mgongo na zinazoshikiza trikwetramu zimejaa vipokezi vya hisia, wakati mikanda mikubwa ya radiasi upande wa kiganja ina vichache sana. Alionyesha pia kwamba ligamenti ya skafoidi na lunati ikisisimuliwa, misuli ya kigasha hujibu haraka mno, kabla mwenyewe hajafikiri. Kwa hiyo ligamenti hizi zina kazi mbili: hushika, na huita misuli ije kusaidia. Tangu hapo wako wapasuaji wanaoifikiria mara mbili ile neva kabla ya kuigusa.

Ligamenti iliyochomoka, ambayo mara nyingi huachia upande wa skafoidi, hurudishwa kwa vinanga vidogo vyenye uzi vinavyozamishwa mfupani. Mfupa hukwanguliwa kwanza hadi utoe damu, kwa sababu bila damu hakuna kupona. Mifupa hupangwa upya na kushikiliwa kwa waya nyembamba kwa wiki 8 hivi. Kinachoota pale ni kovu. Kovu linaweza kuwa imara, lakini zile kanda nne mwili hauzijengi tena kama zilivyokuwa, na hapo fundi bora kuliko wote hufikia mwisho wa uwezo wake. Ndiyo maana wapasuaji hupenda mgonjwa aje ndani ya wiki za mwanzo, ligamenti ikiwa bado haijasinyaa, na ndiyo maana neno "ameteguka tu" hunikera.

Waya zikishatolewa kazi huhamia kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa muda mrefu mazoezi yalikuwa kukunja na kukunjua, kupinda kushoto na kulia. Siku hizi wengi huanza na mshazari mmoja: mkono uliopindwa nyuma kuelekea gumba, ushuke mbele kuelekea kidole cha mwisho. Ni njia ya anayerusha mkuki, na ya anayepigilia msumari. Katika njia hiyo safu ya kwanza ya mifupa karibu haisogei, mwendo hubebwa na kiungo kilicho kati ya safu mbili, na ligamenti iliyoshonwa haivutwi sana. Mtaalamu huongeza nguvu ya msuli unaokunja kifundo upande wa radiasi, ambao kano yake hupita mbele ya ncha ya skafoidi, na huuacha kwa muda ule unaonyoosha upande wa ulna, kwa kuwa huo huivuta mifupa iachane. Mgonjwa hupewa kijiti chepesi, na baadaye nyundo ndogo, arudie mwendo ule polepole bila kupiga kitu.